Aliyemchora Bata

Juni 1, Jumamosi

Kila msimu wa vimbunga huwa naandika. Mwaka ule upepo uliponing'olea nusu ya paa, mtu wa bima aliniuliza nini kiliharibika siku gani, nikabaki nimemtolea macho. Tangu hapo sirudii kosa. Leo msimu umefunguliwa, joto limeanza kutukaanga, na jirani zangu hapa Kissimmee wote wanajifanya hawajui ni mwezi gani.

Ila kimbunga changu mimi kimewahi. Jana Novaria, bustani yetu ya burudani, wametangaza kwamba Safari ya Tone, ile safari yao ya mashua, inafungwa mwisho wa Oktoba. Mahali pake watamweka Sajini Waddle, yule bata wa katuni mwenye kofia.

Asubuhi tulikutana kwenye benchi zetu mbele ya Jengo la Maji, ilimo safari hiyo, kikundi chetu chote cha Marafiki wa Novaria na fulana zetu za bluu. Mwenyekiti wetu, Wendell Tharpe, ni pande la mtu, husafisha mabwawa ya kuogelea ya nusu ya kaunti hii, na leo alilia bila kujificha. "Hapa ni shule," alisema. "Wanapafanya duka la midoli." Nilimshika mkono. Nilimwona shujaa, nasema kweli.

Loretta Haskins, mkubwa wetu kwa umri na mlevi wa mchezo wa bingo, alikuwa anamenya karanga za kuchemsha. "Mimi nilipokuja mara ya kwanza hata hilo Jengo la Maji halikuwepo," alisema. "Palikuwa na kompyuta kubwa kama jokofu, tunapanga foleni kuitazama ikijumlisha. Nayo mngetaka itunzwe?"

"Loretta, kula karanga zako," nikamwambia.

Tukapanda mashua, safu ya nyuma kama desturi yetu. Mle ndani mashua hulifuata tone la maji kutoka wingu hadi kinamasi, hadi chini ya ardhi, hadi bomba la jikoni. Mwishoni Sauti ya msimulizi huuliza gizani, "Na wewe utawaachia nini wanaokuja nyuma yako?" Sisi tunaojua hujibu, "Tone!" Leo tulijibu kwa kelele hadi mtoto wa safu ya mbele akaangua kilio.

Juni 4, Jumanne

Binti yangu Yaritza kaja kula. Nilimpikia wali wa mbaazi na nguruwe wa kuchoma, chakula chake tangu utoto, naye akawa anakichokonoa kama mgonjwa. Ana miaka ishirini na tisa, kazi yake ni kuchora katika ofisi moja ya wabunifu huko Orlando. Wanawabunia watu bustani za burudani, makumbusho, mahoteli. Wanambunia nani hasa, huwa haniambii.

"Mami," akasema, "anayemchora yule bata ni mimi."

Nilifikiri ananitania. Huyu mtoto nilimpandisha mashua ile kabla hajaota meno. Baba yake alipotuacha, Jumamosi hiyohiyo tulikwenda Novaria kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Kusoma alijifunzia kwenye vibao vya Jengo la Maji.

"Nimesaini karatasi," akaendelea. "Jina langu likitoka nje kabla ya ufunguzi, wananiondoa. Sio kunionya, Mami. Kuniondoa. Usimwambie hata Loretta."

"Nimwambie nani mimi?"

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Kula. Chakula kinapoa."

Alikula vijiko viwili akaondoka. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Juni 15

Mvua ya mchana, radi. Nimepanda mashua peke yangu. Sauti ilipouliza sikujibu.

Julai 6, Jumamosi

Wametoa mchoro kwenye mtandao. Bata kila mahali: bata juu ya wingu, bata kwenye kinamasi, bata ananing'inia kwenye bomba. Mashua zipo. Maji yapo. Lakini ukitazama unachokiona ni mdomo wa njano tu.

Benchi zetu zilikuwa kama msibani. Watu wakawa wanashindana kumtukana aliyechora. Hajawahi kusoma kitabu. Anachora kwa mguu. Mmoja akasema mama yake aliyemzaa ana haki ya kudai fidia, kila mtu akacheka, nami nikacheka pamoja nao ili nisionekane.

Jioni Yaritza aliniandikia kwenye simu: "Umeona?"

Nikajibu: "Nimeona."

Julai 13, Jumamosi

Ugomvi leo. Dez Litwin ni kijana wa gatini, yule anayetupandisha mashua, na ndiye anayetuchorea fulana zetu. Wakati wa mapumziko yake akaja kukaa nasi.

"Kwani Novaria ni nini?" alituuliza. "Ni hizi kuta, au ni ile hali ya kutoka hapa unataka kujua zaidi? Mtoto akimfuata bata halafu akauliza maji yanatoka wapi, mimi huyo bata namwamkia shikamoo."

"Wewe unalipwa useme hivyo," Wendell akamrukia.

"Nalipwa kusema 'angalia unapokanyaga, bibi.' Haya mengine nasema bure."

Loretta alicheka hadi karanga zikampalia. Mimi sikucheka. Kijana ana kiburi, nikawaza. Kumbe kilichoniuma ni kwamba alisema maneno ambayo nilitaka kuyasikia kwa mwanangu, na mwanangu nimemziba mdomo kwa wali.

Wendell alikuwa anarusha ugomvi wote moja kwa moja kwenye chaneli yake. Siku hizi hurusha kila kitu, hata akipiga chafya.

Agosti 3, Jumamosi

Redio inasema bahari ya Atlantiki ina joto kuliko kawaida. Hata ndani ya nyumba hewa ni nzito.

Tulikutana sebuleni kwa Wendell. Ameweka ule mchoro kwenye televisheni yake kubwa, anaukuza kipande kwa kipande kama daktari na picha ya mapafu. Akafika kona ya kinamasi, chini kabisa kwenye kivuli, akasimama.

Alikuwepo yangeyange mmoja mweupe. Amegeuzia watu mgongo.

Mtu wa kawaida angeona ndege tu. Lakini kwenye Safari ya Tone yupo yangeyange mmoja wa bandia ambaye mafundi walimfunga kinyume, na hawezi kuonekana isipokuwa umekaa safu ya nyuma kabisa na umegeuza shingo mara tu baada ya daraja. Hayumo kwenye kitabu chochote wala kwenye picha za watalii. Tunamjua sisi, na watoto wetu.

"Aliyechora hii amekaa kwenye kiti chetu," Wendell akasema taratibu. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Wengine walitaka kujua kama ni dhihaka. Wendell akasema ndiyo, ni dhihaka, msaliti anatucheka. Nilikuwa nimeshika gilasi ya chai baridi nikaiweka chini isije ikanidondoka. Mimi nilijua si dhihaka. Alipokuwa mdogo Yaritza alikuwa akimpungia yule ndege mkono kila tukipita, akisema maskini, hakuna anayemwona uso.

Loretta alinitazama. Sikujua ameona nini, nikaangalia pembeni.

Agosti 12

Shule zimefunguliwa, nimerudi kwenye usukani wa basi la wanafunzi. Watoto wameongezeka kelele kuliko mwaka jana.

Agosti 17, Jumamosi

Wendell amefanya hesabu zake. Msaliti awe amekaa safu ya nyuma, awe anajua kuchora, awe na mguu mmoja ndani ya kampuni. "Nani anatuchorea fulana?" aliuliza. "Nani anamtetea bata?"

Dez hakuwepo, alikuwa zamu. Watu walianza kukumbuka mambo. Kwamba alikataa kuweka saini kwenye ombi letu la kumpinga bata. Kwamba amenunua viatu vipya.

"Viatu!" Loretta akasema. "Basi nami ni msaliti, nimenunua meno."

Nilinyamaza. Naandika hivyo bila kujipamba: nilijua, nikanyamaza, na nilishukuru kwamba wanatazama upande mwingine.

Agosti 25, Jumapili

Wamelimwagia gari la Dez rangi ya njano. Si watu wetu, Wendell anaapa, ni watazamaji wa chaneli tu. Dez ameniuliza mimi, kati ya watu wote, gatini, huku anashikilia mashua nipande: "Bi Migdalia, nimewakosea nini?"

Nilipanda bila kumjibu. Nikiwa njiani humo gizani nililia, na Sauti ikaendelea kunieleza habari za chemchemi.

Nimempigia Yaritza. Nimemwomba aniruhusu niseme.

"Mami, mpaka Novemba tu. Mipango ikipitishwa Novemba, hawawezi kubadilisha tena, hata wakinifukuza. Unajua nimepigana kiasi gani mashua zibaki? Wao walitaka kufukia mfereji wote. Kila wiki mkubwa mmoja anakuja na kalamu nyekundu, kila wiki namrudisha."

"Na Dez je?"

"Dez ni mtu mzima, Mami. Rangi inafutika."

Sikupenda alivyosema hivyo. Halafu nikajiuliza amejifunzia kwa nani kunyamazia mtu akiumia.

Septemba 7

Matairi ya Dez yamekatwa. Kimbunga kimoja kimepita mbali, upande wa Bahama.

Septemba 14

Yaritza hakuja kula. Sijamlazimisha.

Septemba 19, Alhamisi

Naandika mchana, shule zimefungwa, madirisha yamepigiliwa mbao na ndani kuko kama pangoni. Kimbunga Hester kinatarajiwa kufika hapa kesho. Lazima niandike ya leo kabla umeme haujakatika.

Asubuhi tulikuwa gereji kwa Wendell tukijaza mifuko ya mchanga. Kila mwaka tunafanya hivyo, kikundi kizima, kisha tunaipeleka kwa wasiojiweza, na nyumba ya Loretta ndiyo ya kwanza. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya niwapende watu hawa miaka yote. Wendell alikuwa analowa jasho akibeba mifuko miwili miwili. Ungemwona ungesema hakuna mwema kama huyu.

Halafu akapanga koleo ukutani, akajifuta uso, akasema, "Jambo moja kabla hatujatawanyika. Nimepata anwani ya nyumba anayoishi Dez. Anaishi na mama yake. Leo naitangaza. Watu wana haki ya kumwuliza uso kwa uso."

"Leo?" Loretta akasema. "Na kimbunga kinakuja?"

"Kimbunga hakitamchagua yeye."

"Wendell, watu wako walikata matairi," nikasema. "Ukiwapa nyumba watakata nini?"

"Sasa wewe Migdalia unamtetea? Tangu lini? Miezi yote umekaa kama umemeza kufuli."

Watu wakanigeukia. Nje upepo ulikuwa umeanza kucheza na vifuniko vya mapipa ya taka. Nilimfikiria mama yake Dez, ambaye sijawahi kumwona. Nilimfikiria mwanangu. Nilitafuta njia ya tatu nikaikosa. Kila mlango niliougusa nyuma yake alikuwepo mtoto wa mtu.

"Sio Dez," nikasema. "Aliyemchora bata ni Yaritza. Ni mwanangu."

Kisha mwanamke mmoja, tuliyegawana naye mwavuli Jumamosi nyingi, akasogeza mfuko wake wa mchanga mbali na wangu.

Wendell alibadilika rangi. "Yaritza wetu? Yule mdogo wa mashua?"

"Huyohuyo. Na yule ndege si kejeli, mjinga wewe. Alimweka kwa sababu anampenda. Anagombana na wakubwa wake kila wiki mashua zibaki. Ni mwenzetu, pekee tuliye naye mle ndani."

Loretta ndiye aliyeiona. Alinyoosha fimbo yake kwenye rafu ya rangi. "Wendell. Hiyo simu."

Ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo, jicho lake linatutazama. Wendell alikuwa anarusha moja kwa moja tangu tulipoanza mifuko, ili watu waone wema wetu. Alikimbia kuizima, akaidondosha, akaiokota. Hakufanya makusudi. Nataka hilo liandikwe, ingawa nilimwita majina ambayo hapa siyaandiki.

Nimempigia Yaritza njia nzima. Amepokea mara moja tu. "Nimeshaona," akasema. "Una maji ya kutosha? Funga mlango wa nyuma vizuri." Akakata.

Septemba 21

Hester amepita. Uzio wa jirani uko kwenye bwawa langu. Paa limesimama.

Septemba 24, Jumanne

Ujumbe wa Yaritza: "Wameniondoa leo." Nimeandika majibu mengi nikayafuta. Nimetuma: "Njoo nyumbani." Hajajibu.

Oktoba 5

Hajajibu.

Oktoba 12

Dez alinifuata maegesho. Alitaka kunishukuru, akashindwa aanzie wapi, akanipa nusu ya mkate wake wa nyama. Tukala tumeegemea gari lake, ambalo bado lina njano kwenye bawaba za milango. Sikuwahi kumtazama vizuri. Ni mpole, na anajiuma kucha.

Oktoba 27, Jumapili

Siku ya mwisho ya Safari ya Tone. Foleni imezunguka ziwa lote. Watu wametoka majimbo ya mbali kulilia mashua ambayo hawakuipanda miaka yote ilipokuwa tupu. Kampuni inauza fulana za maombolezo, na tulizinunua hadi zikaisha. Walioitangaza siku hii wamevuna. Kama tungepanda hivi kila Jumanne, nadhani tusingefungiwa.

Marafiki wa Novaria hawakuniwekea nafasi. Nilipanda na Loretta, safu ya katikati kama watalii.

"Ulijua tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu sebuleni. Wote walikuwa wanatazama ndege, wewe ulikuwa unatazama sakafu." Akanipiga kofi gotini. "Mimi sikuwa na busara yoyote, usinifikirie hivyo. Niliogopa kugombana na watu wanaonipeleka bingo."

Sauti ilipouliza, jengo zima lilijibu. Kilio kilikuwa kikubwa hata sikuisikia sauti yangu mwenyewe.

Novemba 16, Jumamosi

Wametoa mchoro mpya. Mashua hakuna. Mfereji utafukiwa. Kutakuwa na mteremko wa kuteleza, bata wa kupiga naye picha, na duka. Yangeyange hayupo, wala kinamasi.

Nilikuwa naosha vyombo Wendell alipogonga. Alisimama mlangoni na fulana ya bluu, amepungua.

"Ule wa kwanza ulikuwa na maji," alisema.

"Ulikuwa nayo."

"Ulikuwa na mashua. Migdalia, ule wa kwanza ulikuwa... Mbona hakutuambia?"

"Angemwambia nani, Wendell? Wewe?"

Nilitaka kumfukuza. Miezi yote nilijiandalia maneno ya siku hii, makali, nimeyanoa kwenye usukani wa basi. Lakini alikuwa mtu aliyekiua alichokipenda akidhani anakilinda, na hapo mlangoni tulikuwa wawili. Nikamkaribisha kahawa. Ameifunga chaneli yake, kanieleza. Sikumpongeza.

Novemba 28, Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani

Nilipika bata mzinga mdogo na wali wa mbaazi, wa mtu mmoja. Saa nane mchana Yaritza akaingia kwa ufunguo wake mwenyewe, akavua viatu, akakaa. Amekonda. Nikampakulia. Tulikula nusu ya sahani.

"Nisamehe kwa kukutaja," nikasema.

"Hilo sikulikasirikia. Wangemuumiza Dez. Ningekuwa mtu wa maana ningesema mwenyewe." Aliweka uma. "Nilichokasirikia ni kingine. Nilikwambia siri ya kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikakuuliza unaonaje. Ukaniambia nile. Nikakuuliza tena ukaniambia umeona. Watu wasionijua walinitukana maelfu kwa maelfu, na kila tusi nilikuwa najiuliza kama na Mami ndivyo anavyosema. Sasa haijengwi. Imekwisha. Niambie."

Ningeweza kumdanganya. Siku kama ya leo, mtoto amerudi, ni nani angenilaumu?

"Ilikuwa mbaya," nikasema.

Akanikazia macho.

"Bata alikuwa mkubwa mno. Anaziba wingu, na wingu ndiko safari inakoanzia. Mtoto hataona mvua ikizaliwa. Na pale kwenye bomba ulimfanya aseme utani wakati Sauti inatakiwa kuuliza swali. Kinamasi kilikuwa kizuri. Kinamasi kilikuwa kizuri kuliko cha zamani, na hilo liliniudhi zaidi."

"Walinilazimisha bata awe mkubwa vile! Nilimpunguza mara tatu!"

"Ungempunguza ya nne."

"Mami, hujui chochote kuhusu wale watu."

"Najua kuhusu wingu."

Akaanza kucheka, kisha hakuwa anacheka tena, akaufunika uso kwa leso ya mezani. Niliacha alie. Nilimsogezea sahani, akaisukuma, nikaisogeza tena.

"Ungeipanda lakini?" akauliza kutoka nyuma ya leso. "Ingejengwa vile, na bata wake, ungepanda?"

"Kila Jumamosi," nikamwambia. "Safu ya nyuma. Na ningelalamika njia nzima."

Alifuta macho, akavuta sahani karibu, akala.